Hatua Fupi za Korongo

Wanasema sina adabu kwa sababu nimefoka mbele ya wageni. Sawa, sina. Sasa nisikilizeni.

Wageni walikuwa kumi na wawili, wametoka Penang, ng'ambo huko, ambako wanafunzi wa kaka yangu walipeleka ngumi za korongo, mtindo wa kupigana wa nyumba yetu. Walikuja kijijini kwetu Xikou kuona zilikozaliwa. Mimi, kikongwe wa miaka sitini na nane, nikawekwa uani nimenye viazi vitamu vya uji wao. Ndani ya nyumba ya ukoo, fundi Zhuang alikuwa ameshaandika maneno ya kumbukumbu kwa wino juu ya jiwe, amebakiza kuyachonga. Nikachungulia, nikasoma: ngumi hizi zilianzishwa na Su Tingyang, aliyefundishwa na korongo mweupe ndotoni.

Su Tingyang ni baba yangu. Ndotoni! Baba alikuwa akilala anakoroma mpaka kuku wanashtuka, korongo gani angemsogelea?

Aliyemwona korongo ni mama. Alianika mpunga, korongo akaja kudokoa, mbwa wa jirani akamrukia. Korongo hakukimbia. Aligeuka kidogo tu, akamzaba bawa, akamdonoa puani, mbwa akatoka mbio analia. Mama alicheka sana, kisha akanyamaza, akaanza kufikiri. Mwaka mzima alijifunza mbele ya ukuta wa jikoni, mkono ukiwa bawa, vidole vikiwa mdomo. Akamfundisha baba, akamfundisha kaka Bingkun. Mimi alinifundisha kwa kificho, maana binti akiolewa huondoka na siri za nyumba. Na kweli niliondoka nazo! Nikawafunza wanangu, na leo vijiji vitatu upande wa pili wa mto vinapigana kwa mkono wa mama yangu.

Basi nikainuka na kisu changu cha viazi, nikaingia.

"Kaka, jiwe hili linasema uongo."

Kaka Bingkun alikuwa anawamiminia wageni chai. "Dada, rudi jikoni. Una wazimu?"

"Wazimu unao wewe! Mama yuko wapi hapo?"

"Nani atavuka bahari kuja kusujudia ngumi za mpika uji? Usitutie aibu."

"Haya, bwana mkubwa. Waonyeshe wageni hatua ya kwanza."

Akaweka birika chini, akasimama, hajui namtega wapi. Magoti yamebanwa, uzito kwenye visigino, hatua fupi, fupi, fupi.

"Mbona fupi hivyo?"

"Ndiyo hatua ya korongo."

"Korongo yupi? Korongo ana miguu mirefu kama mianzi, akitembea anavuka mtaro! Hiyo ni hatua ya mwanamke aliyefungwa miguu kwa vitambaa tangu ana miaka mitano, kama ilivyokuwa desturi kwa wasichana wa zamani, vidole vikakunjwa chini ya unyayo. Alikwenda hatua fupi kwa sababu ndefu zilimshinda. Na nyinyi wanaume wazima, mpaka Penang huko, mnatembea kama mama yangu na hamjui!"

Mkubwa wa wageni, Mzee Gan, aliitazama miguu yake mwenyewe.

"Shangazi," akaniambia, "miaka thelathini magoti yananiuma kwa hatua hizi. Sikuwahi kuuliza kwa nini." Akanipigia magoti pale pale, na wenzake nyuma yake.

Kaka alikuwa bado amesimama. Uso umemshuka. "Fundi," akasema, "futa jina la baba. Andika la mama."

Zhuang akafuta wino kwa kitambaa, akachovya brashi upya. "Niandike nani?"

Kaka akanitazama. Akashusha kitabu cha ukoo, akapekua mpaka akafika: "Lin, mke wa Tingyang." Basi. Lin ni jina la ukoo wa baba yake mama. Jina lake mwenyewe halimo. Sisi tulimwita Mama. Baba alimwita "wewe". Na kwao waliomjua wamekwisha wote.

"Dada," kaka akasema polepole, "wewe ndiye uliyelala naye kitanda kimoja mpaka ukaolewa. Hukumuuliza?"

Fundi alikuwa anasubiri na brashi yake. Nikafungua mdomo nimtukane kaka, tusi lisije. Sikuwahi kumuuliza.