Mama Mkwe na Seva Tatu

Fundi wa kompyuta alikuwa ametoa ahadi kubwa, na ahadi ni deni. Programu ya ghala, ile kongwe ya maandishi ya kijani kwenye skrini nyeusi iliyokaa ndani ya kila kompyuta ya karani, sasa ingefunguka ndani ya kivinjari kwenye kompyuta yoyote. Nyuma yake zilikaa seva tatu zinazosaidiana: moja ikizimika, nyingine zinapokea mzigo na karani hata hashtuki. Mkurugenzi alisema ataamini akiona. Ikikwama, mkataba wa fundi umekwisha.

Karani aliyeteuliwa kwa jaribio alikuwa mama mkwe wake fundi, tena ndiye aliyemwombea kazi. Kompyuta za makarani wengine wote fundi alizikagua, akafuta ile programu ya zamani. Ya mama mkwe hakuigusa. Nani athubutu kumchungulia mkwewe begani?

Makarani waliacha viti, wakasimama kutazama. Mkurugenzi akachomoa plagi ya seva ya kwanza. Mama mkwe akaendelea kuchapa, ta-ta-ta. Mkurugenzi utamu ukamkolea, akachomoa ya pili. Ta-ta-ta. Fundi hajafungua mdomo, ya tatu nayo ikatoka.

Ta-ta-ta.

"Maajabu haya!" mkurugenzi akapiga kelele. "Inafanya kazi bila seva! Ziuzwe!"

Jasho lilimtoka fundi mpaka kwenye soksi. Akinyamaza, atakuwa shujaa mpaka makarani warudi kwenye viti vyao wakute programu haifunguki. Akisema, atamvua nguo mama mkwe hadharani. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi mno.

"Mama, samahani sana. Hiyo uliyofungua ni ile ya zamani?"

"Sasa mwanangu, ulitaka nikuache uaibike?" mama mkwe akajibu bila kugeuka. "Ukifukuzwa, binti yangu atakula nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkurugenzi peke yake hakucheka. "Washa zote," alisema. "Mama, fungua hiyo mpya."

Seva zikawashwa, mama mkwe akafungua ukurasa huku akiguna. Mkurugenzi akachomoa plagi moja. Ta-ta-ta.

Mama mkwe alisimamisha vidole, akavua miwani, akamgeukia mkwewe kwa mshangao wa dhati.

"He! Kumbe kitu chako kinafanya kazi kweli?"

Makofi yakapigwa na mkataba ukapona. Fundi alishukuru kwa adabu, akaenda chooni kutuliza roho.