Ledi kutoka Kingerikiti

Gaudiosa alikuwa muuguzi Kingerikiti alipoolewa na Edmund, Mwingereza aliyekuja kufundisha wakulima wa kahawa. Hakujua kwamba mumewe ni kifungua mimba wa ukoo wa malodi, mabwana wenye cheo cha kurithi. Alielewa walipokwenda Uingereza kumzika baba mkwe, wakabaki huko, na watumishi wakaanza kumwita Ledi, yaani mke wa lodi.

Akamzaa Beata. Mama mkwe alimtazama mtoto, akasema, "Mzuri. Wa pili atakuwa wa kiume."

Wa pili hakuja. Beata alikuwa na miaka saba saratani ilipomuua Edmund. Kwa kuwa hakuacha mtoto wa kiume, cheo, nyumba na mashamba vikaenda kwa mdogo wa kiume wa marehemu, kama ukoo ulivyopanga tangu zamani.

Mama mkwe alimpitisha Gaudiosa kwenye picha za wake wa malodi zilizotundikwa ngazini.

"Huyu alizaa mabinti watupu, akahamishiwa kijumba cha bustanini. Huyu pia. Sasa nakaa mimi humo, tangu nifiwe na mume," alisema bila hasira. "Hakitutoshi sote."

Gaudiosa akarudi Kingerikiti na mtoto. Kaka yake, Bernadi, aliwapokea kwa furaha, akachinja kuku. Baada ya siku chache Gaudiosa aliomba kiwanja kando ya kahawa za marehemu baba yao.

"Dada, baba aligawia wavulana. Wewe uliolewa, kwako ni kule."

"Kule wamenitoa, kaka."

"Wamekuonea kweli," alisema Bernadi, na uso wake ulionyesha kwamba anasikitika. "Lakini nikikukatia wewe, wanangu watalima wapi?"

Mama yao alikuwa barazani akipukuchua mahindi.

"Mama, unasemaje?"

"Niseme nini, mwanangu? Hata mimi nimehifadhiwa tu hapa."

Gaudiosa akashuka ziwani, Ngumbo, akapanga chumba. Leseni yake ya uuguzi ilikuwa imekwisha muda zamani, kwa hiyo akaanza kukausha na kuuza dagaa. Wanawake wenzake walimwita Ledi na kucheka, naye akacheka nao.

Wakati wa masika, Bernadi alimfuata ufukweni na habari. Mzee Hyasinti wa Mbinga, mgane mwenye shamba kubwa la kahawa, alikuwa anatafuta mke.

"Atampokea Beata pia?"

"Anasema mtoto wa kike si tatizo. Ila anataka umzalie wa kiume."

Gaudiosa aliendelea kugeuza dagaa. Alikuwa na miaka arobaini na mbili.

"Mwambie aje," alisema.