Udhaifu: Hakuna

Kufikia nguzo ya tisini alikuwa ameshaligonga bomba mara tisini, na mara zote lilimjibu vizuri. Hiyo ndiyo kazi ya mlinzi wa bomba: kupanda mlima na kipande cha nondo mkononi, kugonga chuma kwenye kila nguzo, na kusikiliza. Bomba lililojaa maji hutoa sauti nzito, fupi. Likipasuka mahali, hulia kama sufuria tupu. Nguzo zilikuwa mia mbili na kumi na mbili, hatua mia kutoka moja hadi nyingine, na kwa miaka kumi na tisa hakuna uvujaji uliompita mwanamke huyu. Alijivunia jambo hilo waziwazi. Aliyeudhika na majivuno yake aliambiwa apande mwenyewe.

Miguuni alikuwa na viatu vya kukimbilia milimani, vyepesi, vya rangi ya chungwa. Idara ya maji ilikuwa imempa avijaribu kwa siku tisini kwa niaba ya walinzi wote arobaini. Leo ilikuwa siku ya tisini. Saa nane mchana alitakiwa ofisini kukabidhi ripoti, na ripoti hiyo ndiyo ingeamua walinzi wavae nini.

Mtu mwingine angevaa, akatembea, akasema vizuri au vibaya. Yeye hakutaka kubahatisha. Wiki mbili za kwanza alivaa kiatu kipya mguu wa kulia na buti la zamani mguu wa kushoto, ili jiwe lilelile na tope lilelile livijaribu vyote viwili kwa haki. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambandika jina la Nusu Buti, nalo halikubanduka tena. Soli ya buti ilikuwa nene kuliko ya kiatu, kwa hiyo alitembea kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na nyonga ikamuuma hadi akashindwa kulala. Hilo lilikuwa kosa, alilikubali. Lakini alipata alichokitafuta. Dada yake, waliyekuwa wakipanga naye vyumba viwili, alimfumania siku moja akipima viatu kwenye mzani wa unga. Kiatu hakikufika robo kilo. Buti lilipita kilo nzima. Dada alimwambia huo ni mzani wa chakula cha watu, akausugua mara tatu, na siku nzima hakumsemesha.

Na tuseme ukweli, alivipenda viatu hivyo. Vilishika kwenye mwamba uliolowa, pale ambapo buti huteleza. Ukivuka kijito, maji yaliingia na kutoka, na nguzo kumi mbele mguu ulikuwa mkavu. Magoti yake, yaliyoanza kulalamika tangu mwaka juzi, yalinyamaza. Hayo yote yalikuwa kwenye daftari lake dogo, pamoja na namba ya nguzo na tarehe. Na yale mengine pia yalikuwamo.

Kwenye nguzo ya tisini na saba bomba lililia vibaya.

Aliacha nondo, akateremka korongoni. Kiungo kilikuwa kimeachia, maji yanaruka juu kupita kichwa chake na kuchimba udongo chini ya nguzo yenyewe. Nguzo ile ikianguka, ingeanguka na mita hamsini za bomba, na chini yake kulikuwa na safu ya nyumba za watu ambao hawakuwahi kuwa na maji ya bomba hilo hata siku moja. Simu haikushika mtandao humo. Valvu ya kufungia ilikuwa juu, nguzo ya mia na hamsini. Akakaza kamba, akakimbia.

Alikimbia kama mtu wa miaka ishirini, na alikuwa na arobaini na mbili. Viatu vilifanya kila kilichosemwa juu yake na zaidi. Kwenye tope havikubeba tope. Kwenye mwamba havikusita. Mara ya mwisho kupanda kipande hicho kwa haraka alikuwa na mabuti, ikamchukua karibu saa nzima, akafika akitapika. Safari hii alitazama saa alipoingia kwenye kibanda cha valvu: dakika thelathini na moja. Alitaka mtu aione saa hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Aliyekuwapo ni Mzee Koki, mlinzi wa valvu, mtu mzima aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Waliushika ufunguo wa valvu pamoja, ufunguo mrefu kama mwiko wa shughuli, wakauzungusha hadi bomba likatulia. Mzee akawapigia simu mafundi. Ndipo Nusu Buti alipoona alama nyekundu sakafuni, zikitoka mlangoni mpaka aliposimama.

Alivua kiatu cha kulia. Ilikuwa ni pale nguzo ya mia na ishirini na moja, ambapo mkandarasi alimwaga kokoto na kuziacha. Jiwe moja lenye ncha lilikuwa limepita soli, likaingia unyayoni. Soli ya kiatu chepesi ni nyembamba, ndiyo maana kiatu ni chepesi. Na mwezi mmoja tu ulikuwa unatosha kulainisha yale meno yake ya chini.

Mzee Koki alimletea maji na kitambaa, akachuchumaa kwa shida, akautazama mguu ule kwa muda.

"Umejuaje kama limekuchoma?" akauliza.

"Si limeuma, baba."

Mzee akakikamua kitambaa. Alikuwa na kisukari mwaka wa nane sasa, na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kutoka vifundoni kwenda chini. Kila jioni mkewe aliikagua chini ya taa, kidole kwa kidole.

"Mimi lisingeniuma," akasema.

Kisha akacheka, kwa sababu ndivyo alivyo, akamwambia asije akaharibu ripoti kwa ajili ya mzee mmoja. Yeye alivitaka viatu hivyo kuliko mtu yeyote. Mabuti yalikuwa yanamchosha, kupanda hadi kibandani kulikuwa kunammaliza. Alikuwa amekwisha mwambia mkewe kwamba mwezi huu atapanda mlima kama kijana. Nusu Buti alifunga kidonda, akavaa kiatu.

Lori la mafundi liliwashusha wote wawili mjini kabla ya saa nane, Mzee na ufunguo wake wa valvu begani. Mafundi wenyewe walibaki korongoni. Mji mzima ulikuwa mkavu, na kwenye baraza la ofisi walinzi walikuwa wamejipanga mstari, meza imewekwa, karani ameketi nyuma yake na maboksi arobaini yamepangwa ukutani. Karibu na meza palikuwa na gunia limefunguliwa mdomo. Nusu Buti aliyatazama maboksi, akatazama mkononi kwake daftari la siku tisini, akaelewa kwamba viatu vilishanunuliwa zamani.

Afisa Ugavi alimpokea kwa bashasha. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, na habari za korongoni zilikwishamfikia.

"Dakika thelathini na moja, dada yangu! Nani mwingine angeweza? Umeokoa nyumba za watu." Akasukuma karatasi mezani. "Nimekupunguzia kazi, nimeichapa kabisa. Wewe weka saini tu hapo chini."

Ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini lazima tukiri kwamba alifurahi. Sifa alizistahili. Aliketi, akaisoma ripoti iliyobeba jina lake. Sehemu ya ubora ilikuwa na mistari kumi na moja, na yote ilikuwa kweli. Sehemu ya udhaifu ilikuwa na mstari mmoja, wenye neno moja: Hakuna.

Akauliza nani alisema hakuna. Afisa akajibu kwamba yeye mwenyewe alivivaa wiki nzima, hapa ofisini, ngazi juu ngazi chini, havikumletea shida yoyote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini Nusu Buti hakulisema hilo. Aliuliza jambo jingine: viatu vitatolewa lini tena? Baada ya mwaka, akaambiwa. Na mabuti? Yanarudishwa stoo leo hii, ndiyo maana gunia liko pale nje. Fomu inaruhusu jozi moja kwa kila mlinzi, haina nafasi ya jozi mbili.

"Soli hizi zinaisha miezi mitatu," akasema. "Na mabuti mmechukua. Mwezi wa nne mtu atapanda na nini?"

"Atavitunza. Ukivitunza vinadumu."

"Vinatunzwaje, mlimani?"

Afisa alishusha sauti. Alimweleza, bila ubaya wowote, kwamba wakubwa wakiona udhaifu kwenye karatasi, mzigo utarudishwa, na walinzi wataendelea na mabuti yaliyotiwa viraka vya tairi mpaka Mungu ajue. Je, ndicho anachotaka? Wenzake wako pale nje wanasubiri. Na kulikuwa na nafasi ya msimamizi wa njia ya chini, tambarare, haina mlima, na jina lake lilikuwa limetajwa.

Hapo palimgusa. Aliwaza magoti yake, akawaza vyumba viwili na kodi iliyopanda mara mbili mwaka huo. Aliwaza uso wa Mzee Koki akisema atapanda kama kijana. Vilikuwa viatu vizuri. Hakuwahi kuvaa vizuri kuliko hivyo maishani mwake, na kalamu ilikuwa mkononi.

Alikata neno Hakuna kwa mstari ulionyooka. Akafungua daftari, akaanza kunakili. Nguzo ya kumi na nne: mwiba umepita ubavuni, kitambaa hakizuii. Nguzo ya sitini: kimepasuka penye kidole, siku ya arobaini. Nguzo ya mia na ishirini na moja: jiwe limepenya soli mara tatu, mara ya tatu leo. Mstari ulipoisha alihamia pambizoni, pambizo ilipoisha akageuza karatasi. Hakuongeza chumvi na hakupunguza. Mwishoni aliandika kwamba viatu ni bora kwa kukimbia na havifai kuwa kiatu pekee cha mlinzi, hasa mwenye miguu isiyosikia maumivu, kwa hiyo kila mlinzi apewe viatu na abaki na mabuti. Akaweka saini, akaomba muhuri na nakala yake.

Afisa alisoma kurasa zote mbili, na shingo ikamwiva kwa hasira.

"Hii haitasomwa na mtu," akasema.

"Wewe umeshaisoma."

Afisa aliuchukua muhuri. Kisha akagonga, mara mbili, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Akaongeza kwamba vifaa vya majaribio ni mali ya idara na vinarudishwa siku ya mwisho. Nusu Buti alivua viatu vyake palepale, akaviweka juu ya meza, kile cha kulia kikiwa bado na unyevu ndani. Nafasi ya msimamizi haikutajwa tena. Alitoka ofisini kwa miguu mitupu, mmoja umefungwa kitambaa, shingo wima.

Barazani Mzee Koki alikuwa wa kwanza kwenye mstari kwa heshima ya umri. Alikuwa ameshavaa vipya, mabuti yake yako kando. Akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi, uso umemchangamka.

"Vyepesi," akasema. "Kama sijavaa kitu."

Halafu akamwona Nusu Buti na ule mguu. Akauliza kama ameandika. Ameandika. Akauliza na mabuti je. Wanayachukua, akaambiwa. Mzee alivitazama viatu vya rangi ya chungwa kwa muda mrefu. Aliketi kwenye benchi, akavivua, akafunga kamba zake kama alivyozikuta, akavirudisha kwenye boksi. Kisha akavaa mabuti. Ilimchukua muda kwa sababu ya magoti, na hakuna aliyemharakisha.

"Niwekee," akamwambia karani. "Siku mtakayoniachia na buti, nitakuja kuvichukua."

Karani akasema fomu haina nafasi ya jambo kama hilo. Aliyefuata kwenye mstari alilitazama gunia, akasema basi na yeye awekewe. Wa tatu alirudi tu nyuma na kuegemea ukuta. Afisa Ugavi alipotoka kuona kwa nini mstari hausogei, gunia lilikuwa bado tupu. Akatangaza kwamba asiyerudisha buti hana kazi, kuanzia sasa hivi.

"Sawa, mkubwa," Mzee Koki akasema kwa heshima zote, akaulaza ule ufunguo wa valvu juu ya meza. "Mafundi wamepanda penye mtandao wakapiga simu, kiungo kimekaa. Nani anapanda kufungua?"

Hakuna aliyesogea. Ndani ya ofisi simu ililia, ikakatika, ikalia tena. Ilikuwa ni zahanati, inauliza maji. Afisa aliutazama ufunguo, akawatazama walinzi mmoja mmoja, akatazama viatu vyake vya ngozi vilivyong'arishwa.

"Pandeni na mabuti yenu," akasema. "Leo tu."

Walikwenda kwenye lori bila kushangilia. Ngazi ya nyuma ilikuwa juu, na Mzee Koki alipoinua mguu hakujua umetua wapi. Nusu Buti alipiga goti kwenye changarawe, kidonda na yote, akaushika mguu ule na buti lake zito, akauweka mahali pake.

"Bado, baba," akamwambia. "Bado kidogo. Hapo. Sasa kanyaga."