Salamu ya Mwizi Asiyeonekana

Bi Mwanakuu alikubali kuwa mwizi kwa ajili ya mjukuu wake tu. Khubaib alipokwenda kufanya kazi Doha alimwachia karatasi moja iliyochakaa, ya mwizi wake wa mchezoni aitwaye Upepo, akamwomba amtunze asife mpaka arudi. Mwizi akifa, karatasi yake huchanwa. Basi kila Jumamosi baada ya alasiri, bibi wa miaka sabini na moja aliketi nyumbani kwake mtaa wa Ndia Kuu na vijana wawili, Hussam wa jirani, ambaye ndiye msimulizi wa mchezo, na Nicanor wa mtaa wa Buxton, wakiigiza wahusika wa hadithi na kuamua yatakayowapata kwa kurusha dadu yenye nyuso ishirini. Majirani na waseme watakavyo.

Siku hiyo Upepo alikuwa amekunywa dawa ya kutoonekana, na mbele yake kulikuwa na jumba lilimofichwa taji.

"Kutoonekana si kujificha, Bibi," Hussam alimkumbusha kwa mara ya kumi. "Macho hayakuoni, lakini masikio yakusikia. Kila mlinzi utakayempita, rusha dadu. Ukizidi usikivu wake, umepita. Na ukitoa sauti, apata zamu ya kukupiga, na..."

"Lisemwalo mezani limesemwa mchezoni. Najua. Sheria ya Khubaib mwenyewe hiyo."

Akarusha. Kumi na saba: langoni akapita. Kumi na tisa: ngazi akazipanda. Nicanor alisahau sambusa mkononi. Bi Mwanakuu alifurahi, kisha akamkumbuka Khubaib na maneno yake ya jana kwenye simu: "Huku, Bibi, watu wapanda lifti nami wala hawanitizami." Yalimuuma mno.

"Wafungua mlango wa mwisho," Hussam alinong'ona. "Ndani kuna mzee, upanga magotini, anywa kahawa. Taji liko nyuma yake. Wafanyaje?"

"Asalaam aleikum," akasema Bi Mwanakuu.

Ilimtoka tu. Tangu azaliwe hajaingia mahali penye mtu mzima akanyamaza. Nicanor alijifunika uso.

"Bibi alikuwa akikohoa," Hussam alisema upesi, akitazama dari.

"Sikukohoa. Nimesema, na sheria ni sheria." Aliiwekea karatasi mkono juu, kana kwamba wangempokonya.

Hussam akashusha pumzi. Zamu ilikuwa ya mzee kupiga. Aliichukua dadu, akaitikisa, akasita.

"Kwanza lazima aitikie," alisema. "Waaleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mzee atizama huku na huku, haoni mtu."

"Kisha apiga," Nicanor alisema kwa huzuni.

"Ampige mtu aliyekwisha kumwitikia salamu? Kalelewa wapi mzee huyo?" Hussam aliirudisha dadu mezani. "Avuta kiti. Asema, karibu kahawa, popote ulipo."

Taji hawakulipata. Upepo alikunywa vikombe vitatu vya kahawa, akala kaimati tamu, akatoka kwa mlango wa mbele.

Baada ya magharibi Bi Mwanakuu alimrekodia Khubaib ujumbe, akiungama kama aliyevunja sahani ya watu. Jibu lilianza kwa kicheko kirefu, kisha likatulia.

"Miaka mitatu nimecheza na Upepo, Bibi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha."

Alilisikiliza mara mbili. Akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Basi kesho, kwenye hiyo lifti yenu, toa salamu," alimwambia. "Usingoje mpaka wakuone."