Fimbo ya Mzee Pastory

Mwizi akikuibia huchukua alichokuja kuchukua akanyamaza; mtani hukuchukulia na bado akakusema mbele ya watu. Honorata aliyajua hayo vizuri, lakini pale Mwanga, mjini Kigoma, hakujua duka jingine lenye fimbo za kuvulia ila la Saad, Mnyamwezi wa Tabora aliyehamia Kigoma ujanani na kuzeekea katikati ya nyavu. Waha na Wanyamwezi ni watani. Kwa hiyo alipovuka kizingiti alitegemea kusemwa, na kweli akasemwa.

"Mwakeye, mtani! Leo Waha mnanunua fimbo? Nyavu mmezila?"

"Tumewauzia ninyi mshonee suruali," alijibu Honorata, ambaye ni fundi cherehani na ulimi wake una sindano. "Nipe fimbo ya kukokotea. Ni ya baba."

Kukokota, kwa asiyejua, ni kuvua huku boti inakwenda. Unaachia mshipi mrefu nyuma, na mwisho wake kuna samaki wa plastiki mwenye ndoana tumboni. Boti inatembea polepole, yule samaki wa uongo anaogelea, na sangala mwenye tamaa anamfuata. Wazee wa Mwamgongo, kijijini kwao Honorata, hawatumii fimbo. Mshipi wameuzungushia kipande cha mti, wakaupitisha juu ya kidole cha shahada, na kidole ndicho kinachosikia. Kidole cha mzee Pastory, baba yake Honorata, kilikuwa na sifa zake; watu walisema kinamsikia samaki hata akipiga mwayo.

Kisha kikaja kiharusi, kikachukua mkono wote wa kulia na nusu ya mguu. Tangu hapo mzee anashinda uani, ameligeuzia ziwa mgongo. Wala si kwamba kiti kiliwekwa vibaya, alikigeuza mwenyewe. Hilo ndilo lililomuumiza Honorata kuliko ugonjwa wenyewe. Aliona kwamba mtu yule, ambaye hakuwahi kuamka bila kulitazama ziwa, sasa anaondoka kidogo kidogo huku bado anakula na kuitika salamu. Alitaka kumrudisha majini kabla hajaenda mbali mno. Alikuwa ameona watalii wakikokota kwa fimbo iliyochomekwa kwenye bomba ubavuni mwa boti, mkono mmoja tu ukikunja mshipi, akasema moyoni: hii baba ataiweza.

Saad alimwekea fimbo mbili juu ya meza. Moja fupi, nene, nyeusi, ngumu kama mpini wa jembe. Nyingine ndefu, inayokwenda ikipungua hadi nchani, na ukiitikisa inacheza. Honorata hakufikiri. Aliikamata ile nene, akawazia mabega ya baba yake nyuma ya fimbo hiyo, yale mabega yaliyokuwa yakipandisha mtumbwi ufukweni bila kuomba msaada.

"Rudisha hiyo," alisema Saad.

"Kwa nini?"

"Boti inakwenda kwake, sangala akigonga naye anakwenda kwake. Mmoja lazima ainame. Fimbo ngumu haikubali, basi ama mdomo wa samaki unachanika, ama mwenye fimbo anavutwa. Hiyo ni ya mtu mwenye mikono miwili ya kuinama badala yake. Hii ndefu itainama yenyewe. Tena ncha yake inaonyesha. Kidole kisiposikia, jicho litaona."

"Baba yangu si mtu wa fimbo za kitoto."

Saad alimtazama juu ya miwani. "Mtani, baba yako amekufa?"

Swali kama hilo, likiulizwa na mtu mwingine, ni ugomvi. Watani peke yao ndio wenye ruhusa ya kuchezea msiba, na wanaitumia.

"Hajafa!"

"Basi mnunulie huyo aliye hai. Yule mwingine hahitaji samaki."

Mtani hajibiwi kwa hasira, hujibiwa kwa utani. Honorata aliutafuta utani wake, akaukosa. Alitoka akasimama barazani, akajifanya anatafuta bodaboda, akafuta macho kwa pindo la kitenge. Kununua ile laini kulikuwa ni kukiri, na yeye mpaka siku hiyo alikuwa hajakiri. Aliporudi ndani alichukua ile ndefu. Saad, jambo la ajabu, hakumtania. Alifungua rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, akakihamishia kishikio chake upande wa kushoto.

Alipopata nafasi Honorata alimpigia simu mdogo wake Feliksi, anayeishi na mzee kule Mwamgongo. "Mwambie Baba namletea fimbo."

Hapo ndipo alipokosea. Feliksi ni mvivu wa maneno, na nyumbani kwao husemwa Kiha. Ujumbe aliufikisha kwa neno moja: inkoni. Na inkoni ni ya kuchungia ng'ombe au ya kutembelea. Hakuna aliyewahi kuvua kwa inkoni, na mzee Pastory hakuwa na ng'ombe.

Boti ya abiria kutoka mwalo wa Kibirizi, kule mjini, ilimshusha Honorata mchana, jua kali, ule mzigo mrefu amekumbatia ndani ya kitenge. Baba yake alikuwa uani, mgongo ziwani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Hiyo fimbo yako irudishe kwenye boti." Maneno yalimtoka polepole, moja moja, lakini hakupunguza hata moja. "Nashika ukuta, nashika uzio, nafika ninakokwenda. Siku nikiishika inkoni mchimbe kaburi. Umetoka mjini kote huko kuja kuniambia nimekwisha?"

Honorata kwanza alidhani mzee ameelezwa yote, mpaka yale ya dukani. Kisha akamwona Feliksi mlangoni, anakuna kichwa, akaelewa. Kicheko kilimpanda, akakimeza. Alikifungua kitenge.

Mzee alitazama kwa pembe ya jicho. Akageuza shingo.

"Nini hiyo?"

"Ndiyo fimbo yenyewe, Baba. Ya kukokotea."

"Nani anavua kwa inkoni?"

"Wazungu."

"Ndiyo maana wananunua samaki."

Lakini mkono wa kushoto ulikwisha nyooka. Aliishika fimbo karibu na rili, akaitikisa, ncha ikacheza juu ya paa la jiko. "Inalegea," alisema.

"Zipo ngumu," Honorata aliharakisha. "Nilitaka nikuletee ngumu, ila..."

"Ngumu ya nini? Ningeivuta na nini?"

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesema upepo umegeuka. Honorata aliona haya. Alikuwa amekaa miezi akimficha mzee jambo ambalo mzee alilala nalo kila siku kitanda kimoja.

Asubuhi Feliksi alifunga bomba ubavuni mwa boti yao, wakamwingiza mzee kwa kumbeba nusu, wakatoka. Injini ilikuwa inanguruma chini chini. Samaki wa plastiki akaachiwa, mshipi ukaenda, fimbo ikachomekwa. Pastory alikaa kwenye ubao karibu nayo, amekunja uso.

"Siisikii," alilalamika. "Mshipi uko wapi? Siusikii kabisa."

"Tazama ncha, Baba."

Alitazama. Ncha ilikuwa inatetemeka kidogo kidogo kwa mwendo wa yule samaki wa uongo. Mzee akaacha kulalamika. Milima ilipita upande mmoja, yeye hakuigeukia.

Kisha ncha ikazama. Fimbo nzima ikainama kuelekea nyuma, rili ikalia. "Punguza!" mzee alimpigia Feliksi kelele, na mkono wa kushoto ukakikamata kishikio. Alikunja, akapumzika, akakunja. Mshipa wa shingo ulimsimama. Honorata alishika ubao kwa mikono miwili ili asije akamsaidia. Mbali nyuma sangala alipasua maji, mkubwa, wa fedha, na Feliksi akapiga mbinja.

Mkono wa mzee ukasimama.

"Honorata. Shika."

Mzee huyu hakuwahi kumpa mtu mshipi wake wenye samaki. Watoto wake walikuwa wakikatazwa hata kuugusa.

"Malizia, Baba. Bado kidogo."

"Shika, mtoto, mkono umechoka!"

Akashika. Na kwa kuwa alitaka kwa moyo wake wote baba yake asishindwe, alivuta kwa nguvu zote. Fimbo ikaruka juu, imenyooka. Mshipi ukalala juu ya maji.

Honorata machozi yalimtoka waziwazi. "Nisamehe, Baba. Nimekupotezea."

Pastory alicheka. Kicheko kilitoka upande mmoja wa mdomo, kibovu, kirefu, hadi akakohoa.

"Unavuta kama unakata uzi wa cherehani! Samaki hanyakuliwi, anabembelezwa." Akapangusa mate kwa kiganja cha kushoto. "Feliksi, zungusha. Turudie palepale."

Boti ikageuka. Honorata akainama kuuachia mshipi upya, na alipoinuka kutafuta pa kukaa, alikuta mzee amekwisha sogea ubaoni, akamwachia nafasi karibu na fimbo.