Ndege Mbili za Mlangoni

Mimi ni fundi feni. Nalisema hili mapema, maana wateja wakiingia dukani kwangu hunipita kwa macho, wakachungulia mpaka chini ya meza, halafu wakaniuliza, "Fundi yuko wapi?" Fundi ndiye huyuhuyu mwenye hereni. Feni za mezani, za kusimama na za darini zote zinapita mikononi mwangu, na zile zisizopona hubaki nami. Nyuma ya duka kuna uwanja mdogo wa saruji, wenye mlango wake wa kutokea barabarani, na ukuta mzima wa uwanja huo umeegemewa na marehemu: stendi, mota, mapanga, na yale makava ya waya yanayokinga vidole vya watoto.

Ninaishi ghorofani, juu ya duka, na huko ndiko nilikomweka Mama alipoteleza bafuni kwake akaumia mguu. Mguu ukapona. Mimi na dada yangu tulikuwa tumeshakubaliana kwamba Mama hatarudi tena kuishi peke yake. Tulipanga kila kitu, tukasahau jambo dogo tu, kumwuliza mwenyewe.

Siku aliyoacha kutumia fimbo alitukalisha chini.

"Jumapili kaka yangu anakuja na gari kunichukua," alisema. "Narudi kwangu."

Nyumba ya Mama iko mbali, jirani wa karibu ni kiziwi, na bafu ni lilelile.

"Mama, kwani hapa pana ubaya gani?"

"Ubaya hapana. Hapana chochote." Akaonyesha uwanja wa saruji kupitia dirisha. "Ona pale. Hata jani la kumdanganyia mbuzi hakuna."

"Ungependa tuweke nini?" dada akamuuliza.

"Mimi nijue? Mngeweka hata ndege mbili hapo mlangoni. Kubwa, za majani, kama wanavyokata wenye bustani zao. Mtu akipita ajue hapa wanaishi watu, si feni."

Sasa nieleze kuhusu dada yangu. Ni mwalimu wa Kiswahili, na mtaa mzima unamwita Ngeli. Aliwahi kukabwa na kibaka akiambiwa, "Toa simu chako!" Akamsahihisha kwanza, "Simu yako," ndipo akaitoa. Basi tulipokuwa tunashuka ngazi, akanishika mkono, macho yamemtoka.

"Umesikia? Mama anatamani kusafiri!"

"Kusafiri wapi? Ametaja ndege."

"Ndege mbili! Kubwa, za majani! Angekuwa anasema wale wa manyoya, angesema ndege wawili, wakubwa, wa majani. Kiumbe ni A-WA. Hii ni I-ZI. Hii ni eropleni."

"Ngeli, Mama husema hata kuku zangu mbili."

"Kuku ni kuku. Wewe hujamwona anavyokaa dirishani akitazama juu zikipita? Masikini mama yetu, hajawahi kupanda hata moja!"

Na kweli, Mama hukaa dirishani. Mimi niliyefeli insha mara mbili ningebishana vipi na mwalimu? Tena wazo lenyewe lilinipendeza upesi. Anayetamani kusafiri akikuta ndege mlangoni hatakuwa na haja ya kwenda popote. Mnaona jinsi akili zetu zilivyokuwa zinafanya kazi. Tulikumbatiana ngazini kama waliopata tuzo.

Mimea halisi hatukuifikiria. Jua la uwanja ule linaweza kukaanga yai, kichaka hakioti kufikia Jumapili kwa kubembelezwa, na mkono wangu mimi umewahi kuua kitunguu kilichokwisha kuota chenyewe jikoni. Ilibidi tutengeneze majani ya uongo, na tuyatengeneze kwa vitu vya bure, kwa sababu mfukoni tulikuwa na ari tu.

Majani aliyaleta shemeji, mume wa Ngeli, ambaye ni mlinzi wa ukumbi wa sherehe. Kule walikuwa wanatupa mapambo ya zamani, akaja na magunia mawili ya majani ya plastiki mgongoni, ameinama, mikono ya kijani imechomoza kila upande. Mama alimwona akiingia.

"Shemeji yako amebeba nini?"

"Taka, Mama! Pumzika!"

"Nishuke niwasaidie kuchambua?"

"Aa, Mama! Wewe kaa, tutakuletea chai."

Tulianza na miti ili kunyoosha mkono. Ukichukua makava mawili ya feni, la mbele na la nyuma, ukayafunga pamoja kwa waya, unapata umbo la mviringo, la kitunguu kilichokaliwa. Ukichomeka majani kuanzia chini kwenda juu, kila safu ikifunika mashina ya iliyotangulia, waya hauonekani tena. Ukikata yanayozidi kwa mkasi, mpira unanyooka. Kisha unauvika juu ya stendi ya feni, na stendi ya feni ina kitako kizito ambacho upepo haukiangushi. Ngeli alipogundua kwamba ukilegeza ile skrubu ya katikati mti unarefuka, alianza kupiga kelele.

"Unakua! Jamani, mti unakua!"

Akaurefusha, akaufupisha, akaurefusha. Shemeji akauimbia wimbo wa watoto wachanga. Mimi nilicheka mpaka nikakaa juu ya mkasi, na hilo lilinisimamisha haraka kuliko nilivyokaa.

Baada ya hapo hatukushikika. Eropleni ya kwanza tuliipa kiwiliwili cha ndoo tatu za rangi zilizounganishwa, mabawa ya fremu za viti vilivyochoka, na mkia wa kava la feni lililokunjwa katikati. Ya pili ikawa hivyohivyo, ila majani ya kijani yaliishia kwenye tumbo, tukamalizia na ya zambarau.

"Hiyo ni ya shirika lingine," alisema shemeji.

Mama aliita kutoka juu mara nyingine kuuliza kama kuna wa kushikiwa kitu, na mara nyingine tukamjibu apumzike. Alipogusa ufagio, nilipanda mbio kumpokonya. Tulimlea kama yai. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Kosa la mwisho ni langu peke yangu, na sikumwambia mtu. Fundi feni akiona pua ya ndege iko tupu, mkono unamuwasha. Niliweka panga la feni kwenye kila pua. Halafu nikafikiri, panga bila mota ni pambo tu. Nikaweka na mota. Halafu, mota bila umeme ni ya nini?

Jumapili asubuhi tulimteremsha Mama, mmoja huku, mwingine kule, ingawa alikuwa anatembea vizuri kuliko sisi. Begi lake lilikuwa limeshafika chini. Tulimsimamisha katikati ya uwanja, mbele ya mashuka mawili makubwa yaliyofunika kazi yetu pande zote mbili za mlango.

"Fumba macho," alisema Ngeli.

"Nimeona mengi, mwanangu. Funua tu."

Shemeji akavuta mashuka. Zikatokea eropleni mbili, moja ya kijani, nyingine nusu zambarau, pua juu, kila moja imesimama kwenye stendi yake tayari kuruka, na miti ya vitunguu imepangwa pembeni kama abiria. Nasema kweli, zilikuwa nzuri. Mama alizitazama, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Sura yake haikusema lolote. Hapo ndipo niliposhikwa na pupa, nikabonyeza swichi.

Nilikuwa nimesahau kurudisha spidi. Ilikuwa namba tatu.

Mapanga yalizunguka, na shirika zima likaanza kupukutika. Majani yalichomoka kwenye mabawa, yakaruka, yakatugonga usoni. Ngeli alijikinga kwa mkoba. Shemeji alikimbilia ndege ya kijani kuikumbatia, ikamvika ndevu za plastiki ambazo hakuwa nazo dakika moja iliyopita. Nikatafuta swichi nikaikosa, nikavuta waya, ukanifuata na soketi yake. Kimya kikarudi. Mama alikuwa amesimama palepale, amefunikwa majani kuanzia kilemba hadi viatuni, jani moja la zambarau limemkaa juu ya mdomo.

Akalitoa.

"Hivi ni vitu gani?"

"Ndege, Mama," Ngeli alijibu kwa sauti ndogo. "Mbili."

"Ndege?"

"Ulisema ndege mbili. Kubwa. Za majani."

"Ndege!" Mama akafungua mikono akaipiga kama mabawa. "Ndege! Wenye midomo! Wanaotaga!"

"Hao ni wawili, Mama, wa majani..."

"Mimi nimekuzaa, nimekufundisha kusema 'mama', leo unanifundisha kuhesabu ndege?"

Alitaka kukasirika, nilimwona akijitahidi kabisa. Lakini jani jingine likamdondokea kutoka kwenye kilemba, likapita mbele ya pua yake taratibu, akalifuata kwa macho mpaka chini, na basi. Kicheko kilimtoka tumboni. Alijishika kiuno, akajishika kwangu, akamshika shemeji, akasema "eropleni!" akashindwa kuendelea. Tulicheka sote mpaka jirani akachungulia ukutani, akaona, akaanza kucheka bila kujua ni nini. Kila tulipotulia mmoja alisema "shirika lingine" na tukaanza upya.

Mwishowe Mama akakaa juu ya ndoo, akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Na mlifanya hivi kwa nini?"

Nikaona hapana sababu ya kuzunguka. "Usiondoke, Mama. Ulisema hapana majani. Tumeleta majani."

"Majani! Mimi mbuzi?" Alitutazama mmoja mmoja. Alikuwa bado hajaacha kucheka, lakini sauti ilishuka. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hapa siku zangu mbili ziliisha zamani, jembe sijaliona. Nikishika ufagio, napokonywa. Nikiosha kikombe, kinaoshwa tena nyuma ya mgongo wangu. Mnaniletea chai kwenye sinia kama mtu aliyekuja kuposa. Nyumba ambayo sina kazi ndani yake si yangu. Nimekaa dirishani nangoja gari tu, mwanangu. Wala sikuwa natazama juu. Nilikuwa nawatazama nyie mnavyofanya kazi."

Niliona aibu, tena aibu ya kweli, ya kuunguza masikio. Nilikumbuka jinsi nilivyopanda ngazi mbio kwenda kumnyang'anya ufagio, na jinsi nilivyojisifu. Papo hapo, chini ya aibu, nikasikia furaha ikinipanda kama mtu aliyetafuta ubovu wa mashine wiki nzima, kumbe ni fyuzi. Tatizo hili nililiweza.

"Jembe sina, Mama," nikasema. "Nina plaizi."

Nikamwekea mkononi ile plaizi yangu kubwa ya kukatia waya, ambayo simwazimi mtu. Aliipima uzito. Akaifungua, akaifunga, akainuka kwenye ndoo.

"Kwanza toeni hiyo mikasi ya kuzunguka kabla haijamkata mtu. Wewe, mwalimu, okota majani, yote, panga makubwa huku na madogo huku. Bawa la ndege halinyooki namna hii kama kibao, linakunjwa ubavuni. Hapa. Mkwe, shika."

Shemeji alishika. Mama alikata waya, akakunja, akavuta, akasukuma ndoo ya mbele kwa goti lile lile tulilokuwa tunalifunika blanketi. Pua ikawa shingo. Kava la mkiani alilifungua likatawanyika nyuma kama upepeo.

"Sasa ndiyo ndege wawili," alisema Ngeli akiwa ameinama juu ya majani.

"Mbili," alisema Mama, waya ukiwa kinywani.

"Mbili, Mama."

Honi ikalia barabarani. Mlango wa uwanja ukasukumwa, akaingia mjomba, funguo za gari mkononi, shati la safari limenyooshwa. Aliona begi. Akamwona dada yake, kilemba kimepinda, majani mgongoni, plaizi mkononi, anamkaripia mlinzi wa ukumbi kwa kushika shingo vibaya.

"Dada, bado hujawa tayari? Jua linapanda."

"Tayari kwa nini?" Mama hakugeuka hata kumtazama. "Huoni nina kazi? Hawa watoto siwezi kuwaacha peke yao, wataniaibisha. Vua shati hilo uje ushike mkia."

Mjomba akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama tu katikati ya uwanja, mikono mitupu, nacheka na machozi yananitoka, sijui nimalize lipi kwanza. Mama akanitupia jicho.

"Na wewe vipi? Unasimama hapo kama mgeni!"