Maneno Kumi na Mawili ya Willis

Video iliingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mchana wa Jumamosi, nikiwa nimekaa juu ya gunia langu la mawe pale kwa Onchiri mwenye mashine ya kusaga, nikisubiri zamu yangu. Nilimwona Willis, mume wangu, katikati ya watu nyumbani kwa dada yake Trizah huko Homa Bay, kipaza sauti mkononi, na shati jeupe nililompigia pasi mwenyewe limelowa jasho. Walikuwa wamepokea mahari ya Lorine, binti ya Trizah. Bendi ya benga ilikuwa imenyamaza ikimngoja aseme. Nikatabasamu. Halafu nikamsikia akisema "tiger", kisha "hammer", kisha "uncle", na tabasamu likanikauka mdomoni.

Mwanamume huyo alikuwa anataja maneno yetu ya siri. Yote, tena kwa mpangilio wake, mbele ya wakwe.

Mimi Dolphine ni mwosha dhahabu hapa Masara, kwenye machimbo ya Migori. Unanunua mawe kwa wachimbaji, unayapeleka kwa mwenye mashine yasagwe, unaosha, unaondoka na chembe zako. Mchanga unaobaki ni wa mwenye mashine, na kila mtu Masara anajua kwamba ndani ya mchanga huo bado kuna dhahabu, wakati mwingine kushinda ile uliyobeba nyumbani. Kwa hiyo kila wiki nilikuwa namwachia Onchiri jasho langu na kumshukuru juu. Nilitaka mashine yangu. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, na nilikuwa nimekitaka kwa miaka.

Tatizo langu lilikuwa kuweka akiba. Pesa ikikaa kwenye simu, jamaa wanainusa. Leo matanga, kesho harambee, keshokutwa binamu yuko hospitali ambayo haina jina. Ndipo Frankline, mtoto wa kaka yake Willis anayefanya kazi za kompyuta Nairobi, akanifundisha mambo ya bitcoin. Alinifungulia pochi kwenye simu yangu, na pochi ilipotoa maneno yake kumi na mawili ya Kiingereza, kijana aligeukia ukutani ili nisiyaandike mbele ya macho yake.

"Auntie, simu ikipotea, hizi maneno ndio zitarudisha pesa yako," akaniambia. "Mwenye maneno ndio mwenye pesa. Usionyeshe mtu. Hata mimi."

Nilimpenda sana siku hiyo.

Karatasi ya kwanza niliificha darini na mchwa wakaila. Bahati nzuri simu ilikuwa bado nzima, nikayafungua maneno tena humo. Kuyapiga picha nilikataa, maana picha hutembea. Nikawaza, nikawaza, mwisho nikamtazama Willis. Willis ana kichwa cha ajabu. Anaweza kukutajia kila mtu aliyezikwa kwao tangu akiwa mtoto, na nani alilia kwa sauti, na nani alijifanya analia. Akisoma kitu mara moja, kimeingia. Kichwa hakiliwi na mchwa, nikajiambia, nikampa maneno.

"Nitayageuza pakruok," akasema, akifurahi kama amepewa ng'ombe.

Pakruok ni ile desturi yetu Wajaluo ya kusimamisha bendi ili mtu ajisifu. Kila neno akalipa sifa yake, akazifunga zote kumi na mbili kwenye kamba moja, akawa anazisema akioga, akifunga viatu, akila. Mimi nikaona nimeolewa na benki. Kwa hiyo simu yangu ilipotumbukia kwenye dimbwi la kuoshea na kufa kabisa, sikulia. Nilinunua nyingine nikamwambia Willis, ambaye tayari alikuwa Homa Bay akisaidia matayarisho, kwamba akirudi tutarudisha pochi yetu, maana maneno hayo hayasemwi kwa simu.

Hayasemwi kwa simu! Na hapo alikuwa anayasema kwa kipaza sauti.

Kilichomponza ni Ratemo, mjomba wa bwana harusi. Mkisii mzima alichukua kipaza sauti akajisifu kwa Kijaluo mpaka wazee wakasimama kumtunza. Willis hawezi kulala na deni kama hilo. Akaingia uwanjani na pakruok aliyokuwa ameifanyia mazoezi kuliko zote maishani mwake, na ilipomtoka ya kwanza, nyingine zikafuata.

Niliirudia video mara ya pili, simu nimeibana sikioni kwa sababu ya ngurumo ya mashine. Maneno yote yalisikika vizuri isipokuwa moja. Kwenye la tisa, Trizah mwenyewe, aliyekuwa akirekodi, alipiga vigelegele vikalifunika. Nikashusha pumzi kidogo. Kisha ujumbe ukaingia kwenye kundi. Ulikuwa wa Frankline.

"Uncle uko juu sana! Lakini hiyo ya tisa sijaiskia, Mama Lorine amepiga kelele. Rudia pole pole."

Chini yake aliweka vikatuni vya kucheka. Watu wengine nao wakacheka. Mimi nikausoma tena. Mtu aliyehesabu mpaka tisa hakuwa anasikiliza muziki.

Na Frankline ndiye aliyenieleza kwamba maneno hayo hutoka kwenye orodha iliyo wazi kwa kila mtu, elfu mbili na kitu hivi. Mwenye kumi na moja, na kompyuta, na subira kidogo, atajaribu moja baada ya jingine mpaka mlango ufunguke. Yeye kompyuta ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa na simu mpya na vidole vyenye matope.

Nilipiga simu ya Willis. Imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikampigia Trizah.

"Shemeji, umeona mume wako?" akapokea akicheka. "Ametuheshimisha!"

"Nimemwona. Toa hiyo video kwa group, halafu nipe yeye. Sasa hivi."

"Anakula na wakwe, jameni. Amemaliza chaji na—"

"Trizah. Hata kama ameshika nyama mkononi, mtoe."

Nadhani sauti yangu ilimtisha, kwa sababu hakuuliza tena. Wakati huo huo Onchiri akaniita. Zamu yangu imefika, nilete mawe. Nilikuwa nimeingoja zamu hiyo tangu asubuhi, tena ndiyo iliyonifanya nikose sherehe, maana ukiyaacha mawe yako peke yake utayakuta yamepungua. Nikampungia mkono mama aliyekuwa nyuma yangu apite. Akanitazama kana kwamba nimeugua. Niliburuta gunia langu mpaka nyuma ya ukuta, nikaketi juu yake.

"Nyar Muhuru," nikamsikia Willis. Ananiita hivyo, binti wa Muhuru, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Umesema maneno yetu, Willis. Yote."

Nilisikia bendi kwa mbali, na watoto, na kisha pumzi yake ikipanda.

"Mungu wangu," akasema. "Ni Ratemo. Ni huyo Ratemo alikuwa—"

"Ratemo wachana naye. Nipe ya tisa."

"Ya tisa..." Nikamsikia akihesabu kwa mnong'ono. "Siwezi kuruka. Imefungwa na zingine. Lazima nianze mwanzo."

"Basi anza. Lakini toka kwa watu kwanza."

"Niende wapi? Boma yote imejaa."

"Ingia choo, ufunge mlango."

Akaenda. Nilisikia bati la mlango likigonga, nikasikia komeo, kisha nikamsikia mume wangu, mtu mzima, baba wa watoto wangu, akijisifu kwa kunong'ona ndani ya choo cha dada yake. Mimi tiger wa Masara. Mimi hammer ya kuvunja miamba. Alikuwa karibu kulia, lakini hakukosea hata moja, na mimi niliandika na penseli kwenye karatasi ya pakiti ya unga niliyookota pale chini. Alipofika la tisa akasita.

"Sema!"

"Mimi blanket ya wajane," akanong'ona.

Kumbe ndiyo maana Trizah alipiga vigelegele. Hata katika hali hiyo damu ilinichemka.

"Wajane gani, Willis?"

"Ni ya kukumbuka tu, nyar Muhuru. Haki ya Mungu."

"Wajane tutaongea ukija. Endelea."

Alimaliza, nikakata. Nilifuta vidole kwenye leso, nikayaingiza maneno moja moja, nikihakiki kila herufi kwa sababu kosa moja lingenirudisha mwanzo. Pochi ikazunguka, ikazunguka, kisha ikafunguka. Pesa zote zilikuwepo. Nilitaka kupiga magoti, lakini magoti yangengoja. Nilifungua pochi mpya yenye maneno mapya, nikayaandika upande wa pili wa karatasi ile, nikayasoma tena, nikahamisha kila kitu. Simu ikaniuliza kama nataka kulipa ada ndogo na kusubiri au kubwa iende haraka. Nililipa kubwa. Kisha nikakaa pale nimeikodolea macho simu, na mtandao wa Masara unakuja na kuondoka, na mashine inanguruma kusaga mawe ya watu wengine. Nilijiambia kwamba sitainuka hapo mpaka nione imefika, hata kama ni kesho. Ilifika.

Jioni Frankline aliniandikia mimi peke yangu.

"Auntie, naona umehamisha. Poa. Nilitaka tu kuangalia kama iko salama."

Ili aone imehamishwa, ilibidi awe ameifungua kwanza. Labda kweli alitaka kuniokoa, na angenirudishia kila kitu. Kijana aliyegeukia ukutani siku ile angefanya hivyo. Yule wa Jumamosi simjui. Nilimjibu, "Asante kwa kuangalia," na sijamuuliza mpaka leo, kwa sababu naogopa jibu.

Jumatatu nilikwenda Migori mjini kwa fundi wa kuchomelea, nikanunua vipande viwili vya stenlesi, chuma kisichoshika kutu, na nikamwomba aniazime vile vyuma vya kugongea herufi.

"Mama, niletee tu hizo maneno nikugongee, hutatoa jasho," akasema.

Nilicheka mpaka akashangaa. Nilikaa nyumbani mchana mzima, mlango nimeufunga, redio juu, nikagonga herufi baada ya herufi. Nilijigonga kidole gumba kikawa cheusi. Nilipomaliza nilikitia kipande kimoja kwenye jiko la makaa mpaka kikawa chekundu, nikakitumbukiza kwenye matope, nikakisugua. Maneno yalisomeka yote. Karatasi ya unga nikaichoma. Kipande kimoja kikaenda Muhuru, kingine kikabaki hapa. Mahali penyewe sikuambii, hata wewe.

Willis pia sikumwambia. Aliporudi aliomba msamaha vizuri, nikamsamehe, hata wajane nikawasamehe. Lakini alipouliza, "Na hizo mpya?" nilimwambia, "Ziko salama," na hakuuliza tena. Tukaendelea kuishi. Alikuwa amenyamaza kwa namna ambayo sikuipenda. Kwenye sherehe alikaa nyuma. Akiitwa kwenye kipaza sauti alisema koo linamuuma.

Mashine yangu ilifika mwaka huu, baada ya mvua. Sehemu ya akiba iliinunua, na iliyobaki niliiacha pale pale kwa siku mbaya. Tulichinja mbuzi, tukaita bendi ndogo, na hata Onchiri alikuja akaizunguka mashine akitafuta kasoro. Watu wakaanza kupiga makofi, "Willis! Leta ile ya tiger!"

Willis akanitazama. Nilimwashiria kwamba aendelee, maneno yale sasa yanafungua pochi tupu, ayaimbe hata redioni akitaka. Akachukua kipaza sauti. Bendi ikanyamaza.

"An Willis," akasema, "chuor Dolphine. Mume wa Dolphine mwenye mashine." Watu wakashangilia. Akangoja watulie. "Mwanaume ambaye hajui neno hata moja."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Hakuwa amesema kwa uchungu, alisema kwa kujivunia kabisa, na hilo ndilo lililoniuma. Nikafikiria mgodi unavyobomoka bila kuaga mtu, na barabara ya Migori inavyoua watu. Nikifa leo, chuma changu kitakaa kwenye giza lake milele, kizima, kinasomeka, na mume wangu na wanangu watapita juu yake kwenda kukopa. Nilikuwa nimekikinga na moto, maji, mchwa na wezi. Nilikuwa nimekikinga na Willis pia.

Bendi iliporudi kupiga nilimshika mkono tukatoka. Nilimpeleka mahali penyewe, nikaondoa kilichofunika, nikafungua mpira niliokizungushia chuma. Nilipogeuka kumwonyesha, nilimkuta Willis amefumba macho. Ameyafumba kwa nguvu, uso wote umekunjamana, kwa sababu anajijua, akiona mara moja tu yataingia na hayatatoka tena.

"Fungua macho," nikamwambia. "Nimekubali."

"Hapana, nyar Muhuru. Nionyeshe tu ni wapi."

Nikauchukua mkono wake, nikauweka juu ya chuma. "Ni hapa," nikamwambia, na nikalia.